Tajiri anataka elfu 25 kwa siku: nisaini?

*Shangazi, mimi ni kijana wa miaka 29, naishi Mbagala, nina mke na mtoto mmoja. Nimekuwa deiwaka wa bajaji za watu kwa miaka mitatu, leseni ninayo. Sasa amejitokeza tajiri anayetaka kunipa bajaji mpya ya mkataba: nitoe kianzio cha 500,000, halafu nimpelekee hesabu ya 25,000 kila siku isipokuwa Jumapili, kwa miezi 20, kisha iwe yangu. Nimeulizia dukani, bajaji kama hiyo inauzwa 9,800,000. Wakati huohuo jirani yangu anauza yake iliyofanya kazi miaka minne, anataka 4,500,000. Nina akiba ya 1,800,000, na nyingine ningekopa kwenye kikoba cha mke wangu. Siku nzuri naingiza hata 60,000. Nichukue ipi? Na nikishaipata nifunge nini? Wenzangu kijiweni wanasema bila spika kubwa na taa za rangi abiria hawapandi.*
*Dereva, Mbagala, Dar es Salaam*

Mwanangu, kabla hatujagusa habari ya chombo, chukua kalamu tupige hesabu ya huo mkataba, maana naona umeshaipenda bajaji kabla hujaijua bei yake.

Ukitoa Jumapili, mwezi una kama siku 26 za kazi. Elfu 25 mara 26 ni 650,000. Mara miezi 20 ni 13,000,000. Ongeza kianzio, unafika 13,500,000. Dukani chombo hicho ni 9,800,000, kwa hiyo unamlipa tajiri 3,700,000 juu ya bei. Sisemi ni dhuluma. Huyo mtu anatoa fedha taslimu leo, anamkabidhi kijana asiye na dhamana chombo kinachoweza kuibwa wiki ya kwanza, na anairudisha fedha yake kidogo kidogo kwa karibu miaka miwili. Ana haki ya kupata faida. Ninachotaka ujue ni kwamba hiyo 3,700,000 ndiyo unayoinunulia haki zako. Ukiilipa, basi bima, kibali cha LATRA na gharama za kubadili umiliki zisije tena juu yako. Muulize leo nani analipa nini. Akisema "hayo tutaona mbele ya safari," ujue ameshaamua kwamba utalipa wewe.

Sasa upande wa mapato. Umeniandikia siku nzuri. Niandikie na Jumanne ya mwezi wa nne, mvua imeanza alfajiri, njia za mitaani zimejaa maji, wanafunzi wako likizo. Wewe umeendesha miaka mitatu, unazijua siku hizo kuliko mimi. Tuchukulie kwamba ukichanganya nzuri na mbaya unapata wastani wa 48,000. Toa hesabu 25,000. Toa mafuta, tuseme 14,000. Toa chakula na maji ya kunywa 3,000. Umebaki na 6,000. Kwa mwezi ni 156,000, na humo unatakiwa utoe oili, tairi, michango ya kijiwe, kodi ya chumba na maziwa ya mtoto. Hapo hakuna maisha. Dereva wa namna hiyo ndiye anayeendesha saa 18, anasinzia kwenye usukani, na mwezi wa tisa anakosa hesabu ya siku nne mfululizo, bajaji inachukuliwa, kianzio kinapotea.

Rudi kwa tajiri na pendekezo hili: 20,000 kwa siku, kwa miezi 24. Jumla inakuwa 12,480,000, na kianzio 12,980,000. Yeye anapungukiwa 520,000 na kusubiri miezi minne zaidi. Wewe unabaki na 11,000 kwa siku badala ya 6,000, yaani 286,000 kwa mwezi. Mweleze bila kunyenyekea kupita kiasi kwamba dereva anayemudu hesabu ndiye anayemaliza mkataba, na kwamba mkataba ukivunjika katikati yeye anarudishiwa bajaji iliyochoka na kuanza kutafuta mtu upya. Matajiri wenye akili ya biashara wanalielewa hili. Asiyelielewa huwa anategemea mikataba ivunjike, kwa kuwa chombo anakichukua na fedha zilizolipwa zinabaki kwake.

Bajaji ya jirani siishauri kwa hali yako. Utamaliza akiba yote, kisha utadaiwa 2,700,000 kwenye kikoba ambako marejesho hayangoji. Chombo cha biashara cha miaka minne kikikulaza gereji mwezi wa kwanza, hutakuwa na hata senti ya kununulia pistoni, na aibu itamwangukia mkeo mbele ya wenzake. Fedha ya kikoba ameijenga yeye kwa jina lake. Usiitie kwenye injini usiyoijua.

Kama bado moyo wako uko kwa jirani, basi nenda kaikague asubuhi kabla haijawashwa, na uweke kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto wakati umeambiwa haijatoka, kuna kitu kimefichwa, kwa sababu injini iliyochoka huwaka kwa shida ikiwa baridi. Washa, angalia moshi: wa bluu maana yake inakula oili. Lala chini na tochi uangalie chasisi. Huku kwetu pwani chumvi na madimbwi vinakula chuma, na sehemu iliyochomelewa kisha ikapakwa rangi nyeusi mbichi inakuambia ajali au kutu. Namba ya chasisi na ya injini zilingane na kadi, tarakimu kwa tarakimu. Ingiza namba ya usajili kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani uone kama ina deni la faini, maana deni linafuata chombo. Nenda na fundi wako unayemlipa mwenyewe, asiwe yule wa jirani.

Sasa nije kwenye karatasi, ambako ndiko ninakotaka utumie muda mrefu kuliko dukani. Nimesomewa mikataba mingi ya bajaji na bodaboda na madereva walioniletea machozi yao, na karibu yote ina ukurasa mmoja: hesabu ni kiasi gani, ukichelewa siku ngapi chombo kinachukuliwa, sahihi. Haki za tajiri zote zimo, za dereva hazimo. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo, lakini kwenye kesi utakuwa wewe na neno lako dhidi ya mtu mwenye kadi. Andikeni, na muandike haya.

Kwanza, siku za gereji. Bajaji mpya ikiharibika bila kosa lako na kulala kwa fundi siku tatu, je, hesabu inadaiwa? Ikiwa haijaandikwa, inadaiwa. Omba siku zisizo na hesabu kwa ajili ya matengenezo makubwa, ugonjwa wenye cheti cha hospitali na msiba wa karibu, na siku hizo zisogeze mwisho wa mkataba mbele. Tajiri hapotezi fedha, anachelewa tu kuipata.

Pili, kuchelewa. Siku moja ya kukosa hesabu isiwe sababu ya kunyang'anywa. Andikeni kwamba akitaka kukichukua chombo atoe taarifa ya maandishi na siku saba za kulipa. Na ukishalipa zaidi ya nusu halafu mkataba ukavunjika, uandikwe utarudishiwa sehemu gani. Hapa ndipo atakapokunja uso. Vumilia. Hata robo ya ulichokwisha kulipa ni bora kuliko kimya.

Tatu, na hili nakusihi usiliache: kifo. Kadi itakuwa na jina lake hadi mwisho. Akifariki mwezi wa 22, warithi watakuja na barua ya usimamizi wa mirathi, wataona bajaji yenye jina la marehemu mikononi mwa kijana wasiyemjua. Mkataba useme wazi kwamba unawafunga warithi wa pande zote mbili. Yaani wa kwake wapokee hesabu na wakukabidhi umiliki, na ukitangulia wewe, mkeo awe na haki ya kuendelea kulipa au kuweka dereva. Mwenzi wa tajiri asaini kama shahidi. Mkeo naye asaini. Kama tajiri hataki mwenzi wake ajue, hiyo tayari ni habari.

Nne, kadi. Omba kuiona kadi halisi, usikubali picha ya kwenye simu. Ikiwa pembeni ya jina lake kuna jina la benki au kampuni ya mikopo, chombo hicho kimewekwa rehani. Wewe utalipa hesabu kwa tajiri, tajiri asipolipa benki, wanakuja kuchukua bajaji kwako. Usisaini mpaka uone barua ya mkopeshaji.

Tano, malipo yapitie kwenye simu, kila siku, hata kama mnaishi nyumba moja. Ujumbe wa muamala una tarehe na jina lake. Nunua na daftari, na kila mwisho wa mwezi mkae mjumlishe, nyote msaini. Ugomvi wa mikataba hii mara nyingi huanzia kwenye hesabu aliyopewa mtoto mlangoni, na tajiri akarudi akasema hakuipata.

Mkishaandika, pelekeni kwa wakili na mlipie ushuru wa stempu. Mkataba usiolipiwa unaweza kukataliwa kama ushahidi mahakamani mpaka ulipiwe. Muhuri wa serikali ya mtaa ni mzuri kwa ushahidi wa majirani, lakini peke yake hautoshi.

Tajiri huenda akafunga kifaa cha kufuatilia chombo. Mkubalie, kitakusaidia siku bajaji ikiibwa. Ila uliza kama kina uwezo wa kuzima injini kwa mbali, na kama kinao, mkataba useme injini haitazimwa chombo kikiwa barabarani. Injini ikizimwa ukiwa katikati ya Barabara ya Kilwa na lori liko nyuma yako, aliyebonyeza simu hayupo hapo.

Juu ya bima, muulize ni bima kubwa au ndogo. Bima ndogo italipa madhara ya mtu wa tatu. Bajaji ikiibwa au ikiungua haikulipi chochote, na mikataba mingi ya mtaani inakuacha uendelee kudaiwa hesabu ya chombo ambacho hakipo. Ikiwezekana iwe kubwa angalau mwaka wa kwanza, na uandike kwamba fidia ikitoka, sehemu uliyokwisha kulipa inatambuliwa. Na stika uliyoonyeshwa, ihakiki kwenye mfumo wa TIRA kwa namba ya usajili. Ni jambo la dakika mbili.

Umeniuliza ufunge nini. Anza na vinavyokulinda: mtungi wa kuzimia moto uliojazwa, pembetatu za kuakisi, stika za kuakisi nyuma na ubavuni, sanduku la huduma ya kwanza, tairi la akiba lenye upepo, jeki na spana zako mwenyewe. Kisha turubai nzuri za pembeni zenye dirisha la plastiki angavu. Mvua ikinyesha, abiria anachagua bajaji ambayo hataloa, na siku za mvua ndizo zinazokutesa. Kishikio cha simu kiwekwe, maana utahitaji programu za kuitia usafiri.

Spika kubwa na taa za rangi ziache. Zinanyonya betri, zinamfukuza mama mwenye mtoto mgonjwa na mzee anayetoka zahanati, ambao ndio wateja wa kudumu. Taa kali za mbele zinampofusha anayekuja. Usiongeze kiti cha kubeba watu pembeni ya dereva, hata kijiwe kizima kikifanya hivyo. Bajaji imetengenezwa kwa abiria watatu nyuma, na ukipata ajali ukiwa na watano, kampuni ya bima itakuwa na sababu ya kukugeuzia mgongo.

Mfumo wa gesi ni habari nyingine, na nauunga mkono kwa bajaji inayozunguka kutwa Dar es Salaam, kwa kuwa unapunguza sana gharama ya mafuta. Lakini usiufunge kwa fundi wa mtaani. Nenda karakana inayotambuliwa, upewe cheti cha mtungi, na tajiri aandike kuridhia kwake, maana unabadilisha chombo ambacho bado ni chake. Angalia pia foleni. Vituo vya gesi bado ni vichache ukilinganisha na vyombo, na saa mbili za kusubiri kila siku zinakula faida yote. Kama njia zako ni za Mbagala tu na kituo kiko mbali, subiri kwanza.

Ile akiba ya 1,800,000 igawe hivi: 500,000 kianzio, kama 400,000 za wakili, turubai na vifaa vya usalama, na 900,000 inayobaki iwekwe akaunti tofauti kwa ajili ya chombo peke yake. Huduma ya kwanza ya bajaji mpya, kwenye kilomita mia kadhaa za mwanzo kama kitabu chake kinavyoelekeza, usiiruke, wala usibebe mizigo mizito kabla yake. Oili ibadilishe kwa kilomita, usingoje iwe nyeusi.

Mpelekee tajiri rasimu wiki hii, mkeo akiwepo. Kwenye hesabu unaweza kukutana naye katikati, tuseme elfu 22, kama bima na vibali ni vyake. Lakini akikataa kifungu cha warithi, au akikataa kukuonyesha kadi, mshukuru, ondoka na kianzio chako mfukoni, na uendelee na udeiwaka mpaka apatikane mwingine.