Bana Masikioni, Faili Libaki Kavu

Msanii anayeanza ubeti kwa kunong'ona na kufika kwenye kiitikio akipaza sauti huwa na ombi lilelile: "Kaka, niongeze masikioni." Ukimwongeza, kiitikio kinamtoboa masikio. Ukimpunguza, mnong'ono unamezwa na mdundo. Kompresa ndiyo inayomaliza ubishi huo, kwa kuwa inashusha sehemu za juu, kisha unapandisha zote kwa pamoja. Sharti ni moja tu: ikae kwenye njia ya kwenda masikioni, isiguse njia ya kwenda kwenye faili. Ukirekodi sauti iliyobanwa vibaya, hakuna plagini itakayoibanua ikarudi ilivyokuwa.

Hatua hizi zinafuata Reaper, programu isiyoichosha laptopu ya kawaida na inayokuja na kompresa yake, ReaComp. Kwenye programu nyingine majina ya vitufe yatabadilika, lakini mantiki ni hiyohiyo.

Hatua ya 1: Panga gaini kompresa ikiwa imezimwa

Mwambie msanii aimbe kipande chake cha juu kabisa, kwa nguvu atakayoitumia kweli, si kuhesabu moja, mbili, tatu kwenye maiki. Zungusha gaini ya kadi ya sauti mpaka vilele vifike kati ya desibeli -12 na -10. Ukirekodi kwa biti 24 huna sababu ya kuisukuma zaidi ya hapo.

Usiruke hatua hii ukidhani kompresa itakukinga. Kompresa ya ndani ya programu inaipokea sauti ikiwa imeshapita kwenye kadi na kugeuzwa namba. Iliyopasuka huko inafika ikiwa imepasuka, na kompresa itakachofanya ni kuupunguza mpasuko huo mpaka usiusikie vizuri. Ndiyo maana wakati wa kurekodi macho yako yabaki kwenye taa ya kadi na mita ya sauti inayoingia. Masikio peke yake yatakupumbaza.

Hatua ya 2: Punguza ucheleweshaji

Msanii akijisikiliza kupitia kompresa ya programu, sauti yake inaingia kwenye kompyuta na kutoka tena, na safari hiyo ina muda wake. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa ya sampuli 128 ni milisekunde 2.7 hivi kwa upande mmoja. Ya 512 ni karibu 10.7. Zidisha mara mbili kwa kwenda na kurudi, kisha ongeza muda wa kadi yenyewe. Weka bafa 128, au 64 kama mashine inahimili. Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO iliyotengenezewa kadi yako. ASIO4ALL ni ya kuokolea jahazi tu.

Laptopu ikianza kukwaruza kwa bafa ndogo, usiipandishe haraka. Toa mdundo wote kama faili moja la WAV, fungua mradi mpya wenye mdundo huo na traki ya sauti, basi. Mzigo wa sinthesaiza na ngoma unabaki kwenye mradi wa zamani.

Kisha zima kitufe cha usikilizaji wa moja kwa moja kwenye kadi, kile kinachoandikwa "Direct" au "Direct Monitor". Kikiwa kimewashwa, msanii anapata sauti mbili: kavu inayofika papo hapo na iliyobanwa inayokuja nyuma yake. Zikikutana, baadhi ya masafa yanafutana na sauti inakuwa nyembamba, kama mtu anaimba ndani ya bomba. Hata baada ya kukizima, sauti yake inamfikia pia kupitia mifupa ya kichwa, na mgongano unaweza kubaki kidogo. Akilalamika kuwa sauti yake haina kifua, jaribu kugeuza polariti ya kile anachokisikia. Mara nyingine kifua kinarudi, mara nyingine hakuna tofauti. Ni jambo la kubofya mara moja.

Hatua ya 3: Weka kompresa mahali pake, halafu uthibitishe

Kwenye Reaper, washa kitufe chekundu cha kurekodi kwenye traki, washa usikilizaji wa sauti inayoingia, kisha fungua FX ya traki na uweke ReaComp. Plagini zilizo hapo zinasikika lakini hazirekodiwi. Angalia usiiweke kwenye kisanduku cha "IN FX", maana hicho kinashika sauti kabla haijaandikwa kwenye faili.

Usiamini maneno yangu wala ya mwongozo wa programu yako. Pandisha uwiano wa kompresa, shusha kizingiti chake mpaka desibeli -50, rekodi mstari mmoja wenye mnong'ono na ukelele, kisha zima kompresa na ucheze ulichorekodi. Kama mnong'ono uko chini na ukelele uko juu, na mchoro wa sauti una milima na mabonde yake, faili ni kavu. Ukiona mchoro umelala sawasawa mwanzo mpaka mwisho, kompresa imeingia kwenye faili; tafuta mpangilio unaosababisha hilo kabla hujaendelea.

Hatua ya 4: Bana kwa kiasi

Anza na uwiano wa 3:1, ataki milisekunde 10, rilisi milisekunde 100. Plagini ikiwa na kipengele cha kuitazama sauti mapema, kiweke sifuri, kwa sababu kinaongeza ucheleweshaji uliotoka kuupunguza. Shusha kizingiti taratibu huku msanii akiimba kiitikio, mpaka mita ya kompresa ionyeshe kupungua kwa desibeli 4 hadi 6. Kwa mfano, kizingiti kikiwa -24 na sauti ikafika -15, imezidi kwa desibeli 9. Uwiano wa 3:1 unaziacha 3 na kuondoa 6. Kisha rudisha desibeli kama 4 kwa jumla, mnong'ono upande.

Wapo wanaobana kwa 8:1 ili msanii "asikie kama redio". Mimi nakataa. Aliyebanwa kiasi hicho akipaza sauti haoni mabadiliko masikioni, basi anapaza zaidi, na baada ya mistari michache koo limekwisha.

Hatua ya 5: Shusha mdundo kwanza

Midundo mingi ya kununua au kupakua mtandaoni inakuja ikiwa imeshapandishwa karibu na sifuri. Ishushe kwa desibeli 10 kabla hujamwongeza msanii. Mara nyingi hilo pekee linamaliza malalamiko. Mwangwi kidogo baada ya kompresa unampa raha. Mwingi unamfichia sauti inapotoka kwenye tyuni.

Hatua ya 6: Jua kompresa inachofichua na inachoficha

Desibeli ulizozirudisha zinapandisha na vilivyo nyuma ya msanii. Akinyamaza kati ya mistari, feni inavimba, jenereta la jirani linasogea, mvua kwenye bati inajaa. Usiikasirikie kompresa. Kelele hizo zimo kwenye faili, zimetulia tu, na zitaibuka siku ya kuchanganya. Zima feni sasa. Sikiliza pia kama mdundo unavuja kutoka kwenye hedifoni kuingia kwenye maiki. Hedifoni ziwe za kufunika sikio lote.

Inachoficha ni umbali. Msanii akisogelea maiki, kompresa inasawazisha ukubwa wa sauti, lakini besi inayoongezeka kwa ukaribu inabaki. Mstari mmoja unakuwa mzito, unaofuata mwembamba, na kwenye hedifoni vyote vinaonekana sawa. Bandika kipande cha selotepu sakafuni, asimame hapo.

Hatua ya 7: Sikiliza kavu msanii akiwa bado yupo

Kabla hajavua hedifoni kwa mara ya mwisho, zima kompresa na mpitie pamoja kila alichorekodi. Tafuta mipasuko, "p" zilizopiga maiki, na maneno yaliyomezwa mwishoni mwa mistari. Kinachohitaji kurudiwa kirudiwe hapohapo, maana kesho sauti yake haitakuwa hii. Hifadhi mafaili makavu mahali pawili, kisha rudisha bafa 512 au 1024 na uanze kuchanganya.