Tulifungua Simu Mpya Tukitafuta Pesa Zako

"Simu yangu imeingia maji. Sasa pesa zangu zimeenda?"

Hilo ni swali tunaloulizwa kila wakati. Mama mmoja anayeuza mboga alitupigia kwa simu ya jirani yake, sauti ikitetemeka. Asubuhi hiyo simu yake ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya maji na ikakataa kuwaka. Kwake yeye, pesa za kununua stoki ya wiki nzima zilikuwa ndani ya simu hiyo.

Baadaye tutakuambia alivyosaidika. Lakini kwanza tuliamua kujibu swali lake kwa vitendo. Tulichukua Samsung Galaxy A15, simu iliyotoka mwishoni mwa mwaka wa 2023, tukampelekea fundi na kumwomba aifungue yote tukiangalia. Shida yetu ilikuwa moja tu: kuona pesa zinakaa wapi.

Laini inatoka kwanza

Kabla ya kugusa bisibisi, fundi alizima simu, akachomeka pini kwenye kitundu cha ubavuni na kutoa trei ya laini. Alituambia ukisahau hiyo trei, inaweza kuvunjika wakati wa kufungua. Weka hiyo akilini, kwa sababu kuna sababu nyingine kubwa zaidi ya kutoa laini.

Mgongo, betri na tundu la chaja

Alipasha kingo za mgongo joto ili gundi ilegee, kisha akapitisha kipande chembamba cha plastiki pole pole mpaka mfuniko ukaachia. Skrubu ndogo ndogo zikatoka. Kitu cha kwanza alichofanya baada ya hapo ni kuchomoa waya wa betri, ili umeme usiunguze kitu.

Betri ndiyo imechukua nafasi kubwa kuliko kitu kingine chochote mle ndani. Ni ya 5000 mAh. Betri za lithiamu kama hii hazipendi kutobolewa wala kukunjwa, zinaweza kushika moto. Ukiona mgongo wa simu yako umefura, acha kuichaji na uipeleke kwa fundi. Usijaribu kuifungua na kisu cha jikoni.

Chini kabisa kuna spika na tundu la chaja, kwenye kibodi kidogo kilichounganishwa na bodi kubwa kwa utepe mwembamba. Hapa tulijifunza kitu. Mara nyingi simu "haichaji" kwa sababu tundu hilo limechakaa au limejaa vumbi. Kulibadilisha hakuhitaji fundi aone meseji zako, na hakuhitaji PIN yako hata kidogo.

Bodi kubwa: ubongo na kumbukumbu

Juu kuna kamera tatu, na pembeni yake ile bodi kubwa. Chini ya vifuniko vya chuma kuna chipu ya Helio G99, ambayo ndiyo ubongo wa simu, na chipu ya kumbukumbu inayohifadhi picha, nambari za watu na meseji zako.

Tukauliza: pesa ziko hapa? Hapana. Kilichoko hapa ni zile meseji za "umepokea" na "umetuma". Hizo ni risiti. Risiti ikichomeka, pesa haijachomeka.

Kitufe cha kuwasha nacho husoma alama ya kidole. Alama hiyo hulindwa kwenye sehemu iliyotengwa ndani ya simu. Inafungua mlango wa simu hiyo tu.

Kipande kidogo kuliko vyote

Tukarudi kwa ile laini iliyotolewa mwanzoni. Ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, lakini ni kompyuta kamili yenye chipu na kumbukumbu yake. Ndani yake kuna ufunguo wa siri ambao mtandao hutumia kuhakikisha kwamba ni wewe. Ufunguo huo hautoki kwenye laini, hata ukiihamisha kwa simu nyingine.

Ndiyo maana huduma za pesa zinafanya kazi hata kwa mulika mwizi. M-PESA ilipoanza mwaka wa 2007, menyu yake iliwekwa kwenye laini, wakati Wakenya wengi walikuwa hawajawahi kushika simu janja.

Lakini hata kwenye laini hakuna shilingi. Salio lako ni hesabu iliyoandikwa kwenye mitambo ya kampuni inayokuhudumia. Pesa zenyewe, kwa mujibu wa kanuni za malipo za Kenya za mwaka wa 2014, lazima ziwekwe kwenye akaunti ya amana, kando na pesa za kampuni. Simu ni mlango tu. Laini na PIN ndizo funguo.

Yule mama tulimwambia atoe laini kwenye simu iliyolowa, aipanguse kwa kitambaa kikavu, aiache ikauke, kisha aiweke kwenye kabambe ya jirani. Akaangalia salio. Zilikuwa zote, hadi shilingi ya mwisho. Siku hiyo hiyo akaenda sokoni.

Sasa geuza hiyo hadithi

Kama yeye alifikia pesa zake bila simu yake, basi mtu mwingine yeyote mwenye laini yako na PIN yako anaweza pia. Simu yako inaweza kuwa imelala mbele yako, nzima kabisa, na pesa zikitoka. Kwa hivyo:

1. Ukipeleka simu kwa fundi, toa laini. Akihitaji kujaribu mtandao, atumie yake, au mjaribu mkiwa pamoja.
2. Usimpatie mtu PIN ya pesa. Hakuna kifaa kinachotengenezwa kwa PIN hiyo. Kama ulishampatia mtu, ibadilishe leo.
3. Usiihifadhi PIN kwenye simu. Ile nambari uliyosevu kama "Shangazi PIN" haimdanganyi mtu.
4. Funga laini yenyewe. Kwenye mipangilio ya usalama kuna sehemu ya kufunga laini kwa nambari ya siri. Usibahatishe: ukikosea mara tatu, itadai PUK.
5. Andika IMEI mahali salama. Piga *#06# uipate. Utaihitaji ukiripoti wizi kwa polisi.
6. Mtandao ukipotea ghafla huku majirani wanao, piga simu haraka kwa mtandao wako. Huenda mtu amebadilisha laini yako.

Simu nyingine mpya zina laini iliyojengwa ndani, yaani eSIM. Mfano ni iPhone 14 iliyouzwa Marekani mwaka wa 2022, ambayo haina trei kabisa. Hiyo huwezi kuitoa ukienda kwa fundi, kwa hivyo funga simu kwa nambari ya siri na usimwachie ikiwa wazi. Ikiibiwa, pigia mtandao wako mara moja waizime.

Kabla hujalala leo, fanya jambo moja tu: andika ile IMEI. Itakuchukua dakika moja. Na siku simu ikianguka kwa ndoo, vuta pumzi. Kilichoharibika ni mlango, na mlango hununuliwa mwingine.