Chakula cha Hosteli: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Wanafunzi wa Thika na Ruiru

Haya yanawahusu mnaolala Section 9, Makongeni na Landless mkisomea Chuo Kikuu cha Mount Kenya, na ninyi wa Ruiru mlio Zetech. Wazazi wenu wanajua mnakolala. Mnachokula, wengi hawajui.

Nunua chakula siku ile ile pesa za mkopo wa masomo wa HELB zinapoingia. Kabla ya viatu, kabla ya simu, kabla ya nyama choma ya Kamakis. Nenda soko la Makongeni au la Ruiru na mwenzako, mnunue maharagwe, ndengu na mchele kwa gorogoro, kisha unga, mafuta na omena. Ukinunua kidogo kidogo kwenye duka la chini ya ploti, utalipa zaidi kwa chakula kile kile. Aliyekula nyama wiki ya kwanza ndiye anayebisha milango wiki ya nne akiomba unga.

Usile kwa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Chapati ya leo iliyokopwa inakatwa kwenye pesa za kesho, pamoja na ada yake.

Usipike mahindi yenye ukungu, hata ukiwa na njaa. Hapa sitaki mzaha. Mwaka 2004, sumu ya aflatoksini inayotokana na ukungu kwenye mahindi iliua watu 125 nchini Kenya. Wengi walikuwa wa Makueni na Kitui, lakini wilaya ya Thika nayo ilikuwa na wagonjwa. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo, na punje iliyooshwa ikang'aa bado yaweza kuwa nayo. Sasa tazama mfuko wa mahindi uliotumiwa kutoka nyumbani: uko chini ya kitanda, kando ya beseni la nguo, sakafu ikiwa na maji. Uinue leo. Uweke juu ya mbao, pakavu, na yaliyobadilika rangi yatupe.

Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa moto mkali hadi yaive kabisa. Maharagwe mekundu yasiyoiva hutapisha na kuharisha. Najua gesi ni ghali. Ndiyo maana mnapaswa kupika sufuria moja watu watatu, kwa zamu.

Usiache wali kwenye sufuria usiku mzima ukadhani utaupasha moto asubuhi na mambo yaishe. Kuna bakteria huacha humo sumu isiyoondoka kwa moto.

Usiwashe jiko la makaa chumbani. Hewa yake ya sumu haina harufu, na aliyelala haamki.

Usifanye chai na mandazi kuwa chakula cha mchana. Dada zangu, nawasema ninyi hasa: kila mwezi mnapoteza damu, na chai inayonywewa pamoja na chakula huuzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na maharagwe. Chai ingoje saa moja. Mle managu, terere, ndengu, na tunda baadaye. Inaniuma kuona mtu anaishi Thika, mji wa mananasi, muhula ukaisha hajaonja hata kipande.

Kagua kigari cha soseji za smoki kabla ya kutoa pesa. Kachumbari iliyokatwa asubuhi, ikakaa wazi hadi jioni kando ya barabara, kisu kikipanguswa kwa kitambaa kimoja kwa kila mteja: achana nayo. Omba yai la kuchemsha, ulimenye mwenyewe kwa mikono uliyonawa.

Usiseme umeshiba wakati hujala. Mwenzako wa chumbani akitoka kila mnapoanza kusonga ugali, akirudi sahani zikishaoshwa, usingoje aombe. Mpakulie. Na wewe unayelala njaa, nenda ofisi inayoshughulikia maslahi ya wanafunzi kabla ya wiki ya mitihani, useme wazi kwamba huna chakula.