Kurasa za Riwaya kwa Darasa la Mtandaoni: Pima Kabla ya Kuskani

Anayefundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha Leipzig au Bayreuth anaijua shida hii: riwaya aliyoipanga haipatikani madukani Ujerumani, na wanafunzi wanaihitaji wiki ijayo. Kuna wanaoiacha kwa hofu ya hakimiliki, na kuna wanaoskani kitabu kizima. Sheria haikulazimishi kufanya lolote kati ya hayo.

Anza na hesabu. Kifungu cha 60a cha sheria ya hakimiliki ya Ujerumani kinamruhusu mwalimu kutumia asilimia 15 ya kazi iliyochapishwa bila kuomba idhini, mradi somo si la kibiashara. Riwaya ya kurasa 120 inakupa 18, kwa hiyo chagua sura zinazobeba mjadala. Shairi fupi na makala moja moja za jarida la kitaaluma unaweza kuzitoa nzima. Vivyo hivyo kitabu ambacho mchapishaji hakitoi tena, na vya Kiswahili vya namna hiyo ni vingi. Makala ya gazeti hurudi kwenye asilimia 15. Mpaka huo, kwa maoni yangu, unamwonea mwalimu wa lugha, kwa sababu Kiswahili cha leo kimo magazetini. Wape wanafunzi kiungo wasome wenyewe.

Kisha funga mlango. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya 2019/790, kifungu cha 5, yanataka faili liwekwe kwenye mfumo wanaoufungua wanafunzi na walimu wa taasisi hiyo pekee, na mwandishi na chanzo vitajwe. Mwanafunzi aliye Paris asikutie wasiwasi: matumizi yanahesabiwa yamefanyika nchi ilipo taasisi. Tovuti ya wazi ndiyo hatari. Katika kesi ya Renckhoff, Agosti 2018, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kuweka kwenye tovuti ya shule picha iliyotumika katika kazi ya mwanafunzi kulihitaji idhini ya mpigapicha, ingawa picha hiyo tayari ilionekana bure kwingineko mtandaoni.

Ukiambiwa mkataba wa hifadhidata unakataza matumizi haya, mwonyeshe mkutubi kifungu cha 7 cha Maelekezo hayo: sharti linalopinga ruhusa hii halina nguvu. Waandishi nao hawaachwi mikono mitupu. Ujerumani hulipa fidia kupitia vyama vya kukusanya mirabaha.

Ukihamia kufundisha Leiden au Napoli, usiibebe ile asilimia 15. Kila nchi inaweza kujiwekea kiwango na masharti yake ya leseni, kwa hiyo muulize mkutubi wa huko kabla muhula haujaanza.