Yaya, wifi anatoka Unguja: nimwonyeshe nini Kasongo?

Mdogo wangu, umeniandikia kwamba kaka yako anakuja kutoka Dar es Salaam na mke wake, mzaliwa wa Unguja, na tangu upate habari hiyo usingizi umekuwa haba. Wifi amezoea Forodhani: urojo na mishikaki jioni, vijana wa makachu wakijirusha baharini huku watu wakipiga kelele. Unaniuliza utampeleka wapi, maana kwetu "hakuna kitu". Yaya anakuomba ulifute neno hilo kabla mgeni hajalisikia. Mji Mkongwe anaojivunia wifi ulinenepa kwa pembe za ndovu, na pembe nyingi zilitoka huku kwetu, mabegani mwa watu wa huku.

Mkishakunywa chai, muulize kama anaijua nyumba ya Tippu Tip pale Shangani. Ataijua: ina mlango wa nakshi, na kwa miaka mingi familia za watu ziliishi ndani. Mwenye nyumba, mfanyabiashara wa pembe na watumwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, alifia Unguja mwaka 1905, lakini mali aliichuma huku, na Kasongo ndiyo iliyokuwa makao yake makubwa. Wifi ameona mali ilikoishia. Wewe una kazi ya kumwonyesha ilikoanzia.

Basi anza na Tongoni. Kasongo ya Tippu Tip na mwanawe Sefu ilikuwa kule, si hapa mjini tunapoishi sasa. Mwambie mapema asitegemee kuona Ngome Kongwe ya pili. Nyumba zilikuwa za udongo, na udongo umerudi chini. Waakiolojia waliokuja kuchimba walilazimika kuutafuta mji huo ardhini. Kwa hiyo Tongoni bila msimulizi ni majani tu. Msimulie wewe: jeshi la Dola Huru ya Kongo chini ya Francis Dhanis liliuteka mji huo tarehe 22 Aprili 1893, na daktari wao Mwingereza, Sidney Hinde, akaandika jinsi walivyoshangaa kukuta starehe za pwani katikati ya bara, na bustani za michungwa, mapera, makomamanga na mananasi. Wali utakaompikia wifi nao umo katika habari hiyo, kwa sababu watu wa pwani ndio walioeneza kilimo cha mpunga huku kwetu Maniema.

Halafu Nyangwe, na hapa nenda polepole. Mahali penyewe ni pazuri, mto Lualaba ni mpana, mitumbwi inavuka, na wifi atataka kupiga picha akicheka. Mwache apige. Kisha mkae kivulini umwambie habari ya soko. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone, yule msafiri Mzungu, alikuwa pale. Wanawake zaidi ya elfu walikuwa wamekuja na samaki, vyungu, mihogo na kuku, kama mama zetu wanavyokwenda sokoni leo. Watu wa wafanyabiashara wa pwani waliingia na bunduki, jambo ambalo halikuwa desturi ya soko lile, wakaanza kubishana bei ya kuku mmoja, na risasi zikaanza kulia. Wengi walikufa maji wakikimbilia mitumbwi. Wafanyabiashara hao wenyewe walikisia waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliyaandika hayo juu ya magazeti ya zamani, kwa wino wa mmea, kwa sababu karatasi zilikuwa zimemwishia. Habari hiyo ilipofika Uingereza iliongeza nguvu ya wale waliotaka biashara ya watumwa ikomeshwe, na mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa. Pale Mkunazini wifi ameliona kanisa lililojengwa juu yake, pamoja na sanamu za watu waliofungwa minyororo shimoni. Watalii hulipa kiingilio kuziona. Nyangwe hakuna wa kukata tiketi, ila msipite bila kumsalimu chefu wa kijiji.

Najua kinachokusumbua zaidi, ingawa umekigusa kwa mstari mmoja tu: baba yako mdogo anajiita mwungwana, anajivunia kanzu na ukoo wake, na hataki watumwa watajwe mbele ya wageni. Mdogo wangu, Kasongo hii wajukuu wa waliokamata na wajukuu wa waliokamatwa wameoana zamani sana, pengine ndani ya nyumba yenu. Usimfanye Tippu Tip shujaa ili kumfurahisha baba mdogo, wala usimshtaki mzee barazani kwake. Mpelekee wifi amsalimu kwa adabu zote, waongee Kiswahili chao, mmoja cha Unguja na mwingine Kingwana, watachekeshana. Akitaka kusimulia, msikilize. Akikataa, nyamaza, yako utayasema Nyangwe.

Mjini kwenyewe usijichoshe. Ijumaa mpeleke akaone watu wakitoka msikitini. Sokoni mnunulie kitenge, umwache abishane bei. Mpikie sombe kwa mawese na samaki wa Lualaba, na usithubutu kuomba radhi kwa chakula hicho.

Kabambare? Ningependa aione. Ilikuwa kituo cha misafara kati ya Tanganyika na huku kwetu, na Livingstone alilala pale miezi mingi kuanzia Julai 1870, miguu imejaa vidonda, safari imesimama. Lakini upande wa Salamabila makundi yenye silaha yamesumbua watu kwa miaka, na penye dhahabu mgeni mwenye simu mkononi hutiliwa shaka upesi. Waulize madereva wa pikipiki waliopita wiki hiyohiyo, waulize na mapadri. Wakisitasita tu, acha. Na machimboni usimpeleke hata wakisema njia ni salama.

Waje kiangazi, Juni mpaka Agosti, maana mvua ikinyesha barabara ya Kindu utailaani. Wakifika, siku ileile kaka ampeleke mkewe ofisi ya uhamiaji, DGM, na pasipoti yake, na picha ya daraja au ya askari asipige.

Ulimalizia na swali la bafu, ukaliandika kwa herufi ndogo kama la aibu. Hilo ndilo ungeanza nalo! Chandarua kisicho na tundu, ndoo mbili za maji, moja ya moto, mlango wa bafu unaofungika kwa ndani, na kandambili mpya. Mwambie kaka yako atume pesa ya mlango sasa hivi, asingoje mpaka afike.