Raia wa Kuandikishwa na Safari za Wakati wa Khofu



Katika darsa zetu limekuwa likirejea suala moja, nalo ni hili: Mtu wa pwani aliyehamia Marekani au Uingereza, akaandikishwa huko kuwa raia, yafaa atoke nchi hiyo kuja kuwazuru wazee, au kuhudhuria arusi na maziko, au kwenda Hija, ilhali mambo ya siasa ya huko hayajulikani yaelekea wapi? Au ni bora atulie mpaka hali itengenee?

Suala hili halikutoka mbali. Nyumba nyingi za Mombasa, Malindi na Lamu zina mtoto ng'ambo. Mama angojea, na mwana aleta khabari kwamba mwaka huu haji. Hapo jirani husema: "Amekwisha kuwa Mzungu, amesahau kwao." Naye mwana huko aliko amejifungia kwa uvumi aliousikia kwa mtu aliyeusikia kwa mtu. Wote wawili wamehukumu bila ya ilimu. Basi twataka kulieleza jambo hili kwa mpango, ili kila mmoja ajue alipo.

KWANZA: TUSICHANGANYE WATU

Kosa la kwanza katika mazungumzo haya ni kuwafanya wageni wote kuwa hukumu yao moja. Aliye Marekani kwa viza ni mgeni aliyekaribishwa kwa muda. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu ni mkaazi, wala si raia. Aliyekula kiapo na kupewa shahada ya uraia, huyo ndiye raia wa kuandikishwa.

Tarehe 27 Januari, mwaka 2017, ilipotoka amri ya kuwazuia watu wa nchi saba, miongoni mwazo Somalia, Sudan na Yemen, siku za mwanzo hata baadhi ya wenye kadi za ukaazi walizuiliwa viwanjani, mpaka mahakama zilipoingia kati na serikali ikaeleza kuwa hawakukusudiwa. Raia hawakuwamo katika amri ile. Amri ya Juni 2025 ilitaja nchi nyingi zaidi, zikiwamo Somalia na Burundi. Kenya haikuwamo katika orodha hiyo ya Juni, na raia wa Marekani vilevile hawakuguswa. Basi asikiaye kwamba "watu wamerudishwa" na aulize kwanza: watu gani, na kwa karatasi gani?

PILI: SHERIA YASEMAJE

Katiba ya Marekani, kwa nyongeza yake ya 14 ya mwaka 1868, yamhesabu aliyezaliwa huko na aliyeandikishwa kuwa raia sawasawa. Hata hivyo haikuwa hivyo daima katika matendo. Sheria ya mwaka 1952 ilisema kwamba raia wa kuandikishwa akirudi kukaa katika nchi aliyozaliwa miaka mitatu mfululizo, uraia wake wapotea. Mwaka 1964 Mahakama ya Juu iliibatilisha kanuni hiyo katika kesi ya mwanamke mzaliwa wa Ujerumani, ikasema kuwa haijuzu kumfanya raia wa kuandikishwa kuwa raia wa daraja ya chini. Mwaka 1967, katika kesi ya Afroyim, mzaliwa wa Poland, mahakama hiyo hiyo iliamua kwa majaji watano dhidi ya wanne kwamba serikali haiwezi kumvua mtu uraia wake bila ya ridhaa yake.

Limebaki jambo moja kubwa. Ikiwa uraia wenyewe ulipatikana kwa udanganyifu, au kwa kuficha jambo la maana, au bila ya kutimiza masharti, serikali yaweza kwenda mahakamani kutaka ubatilishwe, na kwa kesi ya madai hakuna muda wa miaka ambao ukipita haki hiyo hufa. Lakini sharuti ilete ushahidi ulio wazi na wa nguvu mbele ya hakimu. Tena mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya jinai, kwamba uwongo usiokuwa na athari yoyote katika kupatikana uraia hautoshi kuuondoa. Mnamo Juni 2025 wizara ya sheria ya huko iliwaagiza mawakili wake kuzitilia nguvu kesi za namna hii. Khofu ya watu ilizidi kutoka hapo, nayo haikuwa khofu ya bure. Lakini tuielewe ilivyo: uraia wa Marekani haunyang'anywi na askari wa uwanja wa ndege. Huondolewa na mahakama, na mahakama humfikia aliyesafiri na asiyesafiri.

Uingereza mambo ni mengine. Huko waziri ndiye avuaye uraia, na mahakama huja baadaye kwa rufaa. Sheria ya 2014 ilimruhusu, katika mambo yenye madhara makubwa kwa nchi, kumvua raia wa kuandikishwa hata kama hana uraia mwingine, maadamu waziri ana sababu ya kuamini kwamba aweza kuupata kwengine. Sheria ya 2022 ilimruhusu, katika hali fulani, kufanya hivyo bila ya kumjulisha mwenyewe. Na Februari 2021 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kwamba mwanamke aliyekuwa kambini Syria, naye mzaliwa wa London, hana haki ya kuingizwa nchini ili aendeshe rufaa yake. Kwa hivyo raia wa Uingereza anayeandamwa kwa jambo zito, kuwa nje ya nchi kwaweza kumfungia mlango. Tofauti hii ni kubwa, na wengi huzisema nchi mbili hizi kama kwamba ni moja.

Wala tusidhani kuwa haya ni ya Wazungu peke yao. Katiba yetu ya Kenya ya 2010, kifungu cha 17, nayo yaruhusu kuuondoa uraia wa kuandikishwa ukipatikana kwa udanganyifu, au mtu akihukumiwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi katika miaka mitano ya mwanzo. Na wazee wetu wakumbuka Uganda mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Wahindi siku 90 kutoka, na wengi waliokuwa wakidai uraia wa Uganda wakaambiwa karatasi zao hazifai. Karatasi ni hifadhi, lakini mwenye akili hajisahau kwa kuwa anayo.

TATU: MIZANI YA SAFARI

Dini yetu haikutufundisha ujasiri wa kipofu wala woga wa kujifungia. Mwaka wa sita wa Hijra Mtume (S.A.W.) alitoka Madina na Masahaba kwa Umra, wamevaa ihramu na wanyama wa kuchinja wako nao. Walipozuiliwa Hudaybiya, alifanya mapatano akarejea, na Umra aliifanya mwaka uliofuata. Kurejea kule kuliwauma Masahaba wengi, lakini hakukuwa unyonge wa imani. Na Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham akapata khabari ya tauni, alifanya shauri na watu makundi kwa makundi, kisha akarudi. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kwa maana kwamba anatoka katika kadari moja kwenda katika kadari nyingine. Basi anayeahirisha safari kwa sababu ya maana asiambiwe kuwa tawakkul yake ni pungufu.

Kwa hivyo safari tuzipime kwa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la faradhi. Hija ya faradhi ina sharti la uwezo, na amani ya njia ni katika huo uwezo. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mtu aweza kuichelewesha akiwa ameazimia kuitekeleza. Ama Umra ya mara ya pili na ya tatu ni sunna, na sunna haimlazimishi mtu kuhatarisha makazi ya watoto wake.

Fungu la pili ni haki za jamaa, na hapa twataka tusikilizwe vizuri. Watu wengi huruka upesi kwa maziko, na hungoja kwa ugonjwa. Hili limepinduliwa. Sisi maiti wetu twamzika siku ile ile au ya pili yake, na atokaye Marekani kufika Mombasa humchukua zaidi ya mchana na usiku. Mara nyingi atakuta kaburi limekwisha kufukiwa. Dua yake ingalifika bila ya ndege, na madhehebu yetu yaruhusu kumsalia maiti aliye mbali. Lakini mama aliye hai, akili yake ingali timamu na macho yake yaona, huyo akikosa kuzuriwa leo, kesho huenda hayupo. Ikiwa safari ni moja tu, basi azuriwe aliye hai.

Fungu la tatu ni matembezi na arusi za mbali. Haya ni mema, lakini yangojea.

NNE: NANI AENDE NA NANI ANGOJE

Raia ambaye karatasi zake ni safi, hana kesi wala hukumu ya jinai, aweza kusafiri kwa haja ya kweli. Huko Marekani hawezi kukataliwa kuingia nchini mwake akishathubutu kuwa ni raia, ijapokuwa aweza kucheleweshwa, kuulizwa, kupekuliwa mizigo, na simu yake kuzuiliwa.

Mwenye kadi ya ukaazi atazame sana. Akikaa nje zaidi ya siku 180 huweza kuhesabiwa kama aombaye kuingia upya, na akipitisha mwaka bila ya kibali cha kurejea hujitia katika taabu kubwa. Aliye karibu kutimiza masharti ya uraia, kungoja kwake kidogo ni bora. Kadhalika asafiriye na mke au mtoto asiyekuwa raia, asiipime safari kwa paspoti yake. Aipime kwa karatasi iliyo dhaifu kuliko zote katika jamaa yake.

Amebaki mmoja, naye ndiye mwenye khofu ya haki: aliyeingia kwa jina lisilo lake, au aliyeandika mtoto wa nduguye kuwa ni mwanawe, au aliyefunga ndoa ya karatasi. Huyu twamwambia kwa huruma lakini kwa kweli, kwamba kukaa nyumbani hakumkingi, kwani jambo lake liko katika faili na haliko katika safari. Asafiri au asisafiri, kilicho wajibu wake ni kwenda kwa wakili mjuzi wa sheria hizo kabla ya kununua tikiti. Na sisi tulio huku tuna sehemu yetu katika hili. Vijana wetu wangapi wamefunzwa na wakubwa wao kwamba kuwadanganya maafisa wa nchi ya ugeni si uwongo? Uwongo ni uwongo, na mtu aliyeandikwa kwa uwongo huishi miaka thelathini akiushituka kila mlango ubishwapo. Kheri kungoja miaka kwa kweli kuliko kupita upesi kwa namna hiyo.

TANO: MATAYARISHO

Anayeazimia safari na afanye haya. Atazame muda wa paspoti yake. Aache nakala ya shahada ya uraia kwa mtu mwaminifu, na asili yake aihifadhi nyumbani. Aandike nambari ya wakili katika karatasi, asitegemee simu peke yake. Awe na tikiti ya kurudi, na muda wa kukaa uwe wa kadiri. Akiulizwa mpakani ajibu kweli na kwa ufupi, wala asibishane wala asifanye mzaha. Raia wa Marekani sharuti atoke na kuingia nchi hiyo kwa paspoti ya huko.

Tena atengeneze na upande wa kwao. Kabla ya 27 Agosti 2010 Mkenya aliyechukua uraia mwingine alikuwa akipoteza wa Kenya. Katiba mpya imeruhusu uraia wa nchi mbili, na mzaliwa wa Kenya aliyeupoteza kwa sababu hiyo ana haki ya kuomba arudishiwe. Wengi wameghafilika na haki hii, nao husimama viwanjani kama wageni katika mji wa babu zao. Mwenye milango miwili iliyo halali hapati dhiki ya mwenye mmoja.

Na kabla ya yote hayo alipe madeni, arudishe amana, na aandike wasia wake, kama ilivyo ada ya wasafiri wa Kiislamu tangu zamani.

SITA: WAJIBU WETU TULIO NYUMBANI

Tusiwatie watoto wetu aibu ya kutokuja. Tusiwapelekee khabari ambazo hatukuzithubutisha, kwani neno moja la uvumi kutoka Mombasa laweza kumkosesha mtu usingizi huko Ohio. Na mzee amwambiapo mwanawe, "Radhi zangu unazo, uje au usije," amemtua mzigo ambao hakuna wakili awezaye kumtua.

Basi jawabu letu kwa mukhtasari ni hili. Mwenye karatasi safi na haja ya kweli, na asafiri akiwa amejitayarisha. Mwenye haja ndogo na mashaka makubwa, na angoje, wala hana lawama. Mwenye kasoro katika karatasi zake, na amuone wakili kwanza. Ama jamaa, wasilazimishe wala wasidharau. Na hali za watu hazilingani. Haya ni maelezo ya jumla, na kila mmoja ana jambo lake ambalo sharuti liulizwe kwa wajuao.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu, awarehemu wazee wanaongojea, na awakutanishe katika kheri. Wabillahi tawfiq.