Gari Linapochemsha Mlimani: Tubadilishe Rejeta au La?

Ndugu wajumbe wa kamati za parokia, pamoja nanyi wafadhili wetu, somo la robo hii linahusu rejeta. Miongoni mwa maombi ya spea yanayotufikia kutoka Bukoba na Muleba, ombi la "rejeta kubwa zaidi" halikosekani. Mara nyingine ombi hilo ni la haki kabisa. Mara nyingine rejeta mpya hufungwa, gari likachemsha tena wiki ileile, na silinda hedi ikapasuka. Hapo parokia hubaki bila gari, na mama mjamzito wa kijiji cha mbali hubaki akitegemea pikipiki.

Tuanze na kazi yenyewe. Katika dizeli inayounguzwa na injini, takriban thuluthi moja ya joto huingia kwenye maji, na rejeta ndiyo inayolitoa nje. Gari likienda kasi barabara ya lami kutoka Bukoba mjini hadi Muhutwe, upepo wa mwendo husaidia. Lakini likianza kupandisha kuelekea Kamachumu likiwa na wagonjwa, au limebeba saruji, dereva yuko gia ya kwanza au ya pili. Injini inafanya kazi kwa nguvu zote huku upepo wa mbele ni mdogo. Hapo feni ndiyo tegemeo. Ndiyo maana gari zima kabisa mjini linaweza kuchemsha likipanda kwenda Ndolage au likielekea Rubya.

Mwinuko wa nchi yetu nao una neno. Bukoba mjini iko kama meta 1,140 juu ya usawa wa bahari, na maji katika sufuria huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, siyo 100. Penye meta 1,500 huchemka kwenye nyuzi 95. Kinachookoa gari ni kifuniko cha rejeta, kwa sababu huyabana maji yasichemke mapema. Kifuniko cha paundi 13 kikiwa kizima, maji ya Bukoba hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 116. Raba yake ikiisha, faida yote hiyo imepotea, na kifuniko ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote tunavyovizungumzia hapa. Angalieni tu namba iliyoandikwa juu yake. Magari mengine ya zamani yalitengenezwa kwa paundi 9 au 10, na ukiyafunga kifuniko kikali zaidi, rejeta kuukuu inaweza kufumuka kwenye maungio.

Kabla ya kuandika ombi, basi, kamati imwombe fundi achunguze mambo machache. Asubuhi injini ikiwa baridi, afungue kifuniko na kuwasha gari. Mapovu yakitoka mfululizo, huenda gasketi ya hedi imeungua, na rejeta ya aina yoyote haitaponya hilo. Vivyo hivyo kama oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Halafu atazame mapezi. Sisi tunaokaa kando ya Ziwa Victoria tunawafahamu wale vijidudu wanaopanda kutoka ziwani kama wingu la moshi. Wakichanganyika na tope jekundu na mbegu za nyasi, hukauka kati ya mapezi kama ukuta. Maji ya bomba yasiyo na nguvu nyingi, yakielekezwa kutoka upande wa injini kwenda mbele, huwatoa. Mwisho, gari likiwa limepata moto na kuzimwa, apitishe kiganja karibu na uso wa rejeta bila kuugusa. Sehemu zilizo baridi ni dalili ya mirija iliyoziba.

Ni hapa tunapokuta sababu ya haki ya kubadilisha. Rejeta za shaba za magari ya zamani zimetengenezwa mara nyingi. Kila mrija unapovuja, fundi huuziba ncha zote mbili kwa risasi, na gari likaondoka halivuji. Lakini mrija uliozibwa haupozi tena. Baada ya miaka kumi ya ukarabati wa namna hiyo, gari lina rejeta ndogo kuliko ile lililotoka nayo kiwandani, ingawa kwa macho ni ileile. Ombeni historia ya ukarabati; ina manufaa kuliko picha.

Tukikubaliana kubadilisha, ipi? Kwa Land Rover na Land Cruiser za zamani, ushauri wetu ni rejeta ya shaba ya umbo lilelile, au kuwekewa kiini kipya ndani ya matangi yaleyale. Safu za mirija zikiongezwa kutoka 3 hadi 4, upozaji huongezeka, ila siyo kwa thuluthi nzima, maana safu ya nyuma hupata hewa iliyokwisha kupashwa moto na zile za mbele. Vilevile hewa hupenya kwa taabu zaidi, kwa hiyo feni dhaifu huonekana dhaifu zaidi. Rejeta za alumini ni nyepesi na hupoza vizuri, na gari lililotoka nazo kiwandani libaki nazo. Lakini tangi lake la plastiki likipata ufa, fundi wa risasi wa Muleba hana la kufanya. Ni kusubiri spea.

Tunasisitiza pia kava linalozunguka feni. Rejeta ya gari jingine ikipachikwa kwa nguvu, kava hilo hutupwa kwa kuwa halikai tena. Bila kava, feni huvuta hewa ya pembeni badala ya kuivuta kupitia rejeta, na hasara huonekana palepale mlimani. Tumeona rejeta nzuri sana zikilaumiwa bure kwa sababu hiyo.

Na themostati irudishwe! Desturi ya kuing'oa "ili maji yapite" imeenea kila gereji. Injini isiyo nayo hukimbia ikiwa baridi, hula dizeli zaidi na kuchakaa mapema, na katika injini nyingine maji hupita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta.

Kuhusu maji, tuna neema. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi na kuchujwa hayana chokaa nyingi kama ya visima vingine. Yachanganywe na kuleanti kwa kipimo cha mtengenezaji. Huku hakuna barafu, lakini kuleanti huzuia kutu na hupandisha kiwango cha kuchemka. Kuimimina tupu bila maji hupunguza upozaji.

Kwa hiyo ombi linalotufikia liwe moja: rejeta, kifuniko, mipira ya juu na chini, themostati, fenibelti na kuleanti, pamoja na maelezo ya fundi kuhusu gasketi na feni. Kwa wafadhili, orodha hiyo inaweza kuonekana ndefu kwa "rejeta moja". Mpira wa zamani ukipasuka juu ya rejeta mpya, maji yote huisha kabla dereva hajatazama kipimo cha joto.